Uzoefu wangu: Alfa Romeo Spider, na ile gereji ya Arusha

Naanza na hasira maana ndiyo iliyonikalisha kuandika. Kama una gari la zamani la Kitaliano hapa Arusha, na umeelekezwa kwenye gereji moja ya mjini inayosifiwa kwamba "inajua magari ya Wazungu", soma hii kwanza kabla hujawaachia funguo.

Gari langu ni Alfa Romeo Spider 2000, la wazi, la miaka ya sabini, lile lenye mkia uliokatwa. Usukani uko kulia. Mambo ya nguvu ya injini na vipimo mtayakuta mtandaoni. Nililinunua kwa familia iliyokuwa inahama Usa River, likiwa limekaa bandani muda mrefu, na kilichonivuta zaidi ni bodi. Adui wa magari haya ni kutu. Maji ya mvua yanayotiririka kwenye turubai yana vitundu vyake vya kutokea, na vikiziba, maji yanalala chini ya milango na kwenye sakafu. Chuma kinaliwa kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Lingekuwa limekaa Tanga au Dar, na ile hewa ya chumvi, nisingelisogelea. Hili limeishi huku juu. Nilipitisha sumaku chini ya milango, kwenye sakafu, kwenye matao ya magurudumu, ikanata kila mahali, maana yake chuma bado kipo. Nikalipa pesa yangu niliyoiweka mwenyewe kidogo kidogo.

Kwa muda lilitembea vizuri kabisa. Halafu likaanza kupunguza maji kwenye rejeta, na siku moja pale Tengeru likachemsha. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imekufa. Ugonjwa huo unajulikana kwa injini hizi, mwenye Alfa yeyote atakwambia, na hauna mkosi wowote ndani yake ukitibiwa inavyotakiwa. Nikaagiza gasketi yenyewe kutoka nje pamoja na vile vipira vidogo vya duara vinavyokaa nayo, nikasubiri mzigo, ukafika, nikaenda nao gereji.

Mwenye gereji hakuutazama mzigo. Alinitazama mimi.

"Dada, hili gari la nani?"

"Langu."

"Namaanisha mwenyewe. Mwambie shemeji aje, haya mambo ya hedi tutaelewana naye."

Nikamwambia hakuna shemeji kwenye jambo hili, gari nimenunua mimi na kadi ina jina langu. Akawageukia vijana wake akasema, "Ya leo kali." Wakacheka wote. Nilikuwa nimesimama pale na boksi la spea mkononi, mteja, mwenye pesa ya kulipa, na watu wazima wananicheka kwa sababu nimesema gari ni langu.

Bado nikamweleza, kwa heshima. Injini hii ni ya aluminiamu juu na chini, na ndani yake silivu za chuma, zile pistoni zinamotembea, zinaingizwa na kutoka. Oili inapanda kutoka kwenye bloku kwenda kwenye hedi kupitia njia zake, na pale bloku na hedi zinapokutana kila njia inazibwa na kipira chake. Gasketi peke yake haitoshi. Usipoweka vipira, oili na maji vitakutana tu. Nikamwomba asipake gundi ya silikoni. Akasema, "Sawa mama, tumefanya mengi kuliko hilo." Kutoka dada nikawa mama, na bado hakufungua boksi.

Nililichukua baada ya siku kadhaa. Liliwaka, mlio ukawa safi, nikasahau dharau yote. Nikateremka nalo kwenda Moshi kwa wazazi. Nilipofika Boma Ng'ombe sindano ya joto imeshapanda. Nikaegesha, nikaacha lipoe, nikafungua kifuniko cha oili. Oili imekuwa chai ya maziwa, imeshachanganyika na maji. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia, na sioni haya kusema. Likavutwa kwa kamba mpaka Moshi, turubai likiwa limefunguliwa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kulifunga.

Nikapiga simu gereji. Jibu: "Dada, hilo gari bovu, liuze skrepa." Nikapanda basi nikarudi Arusha nikamkabili ana kwa ana. Akaingia stoo, akatoka na kifuniko cha chupa ya maji, na ndani yake vile vipira vyangu vyote, vipya, havijaguswa. "Hivi vilibaki. Gari halivihitaji." Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu. Akasema ukitaka tufungue tena, ufundi ni upya. Yaani nimlipe mara ya pili kwa kazi ambayo hakuifanya mara ya kwanza.

Siku ile ningeandika hapa kwa herufi kubwa: MSINUNUE SPIDER. Niliwaza kwamba kuwa na gari la namna hii Kaskazini ni kujitafutia dharau, kwamba hakuna fundi, hakuna spea, na mwanamke ndiyo kabisa. Nilikuwa nimeshampigia mtu mmoja kumwuliza kama angelichukua kama lilivyo.

Lakini neno "bovu" lilinikaa kooni. Spider ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva, Machi 1966, mchoro wa Pininfarina, na mzee Battista Farina mwenyewe alifariki mwezi uliofuata. Mwanzoni mkia ulikuwa mviringo, Waitaliano wakauita mfupa wa ngisi. Baadaye ukakatwa, ndio huu wangu, na gari likaendelea kuundwa mpaka 1993. Miaka 27. Zilitoka zaidi ya laki moja. Kitu kibovu hakiishi kiwandani muda wote huo. Kibovu kilikuwa kile kifuniko cha chupa.

Aliyenitoa kwenye shimo ni kijana wa Moshi, amemaliza VETA si muda mrefu, ana kigereji kidogo tu nyuma ya nyumba yao. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo dada. Kitabu cha gari unacho?" Nikampa. Akakisoma. Akakaa kwenye tofali akakisoma, na mahali asipoelewa Kiingereza akaniuliza tukasoma pamoja. Alipofungua hedi akanionyesha nyuzi za silikoni zimeingia kwenye njia za oili, akazitoa moja moja. Hedi ikapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso wake. Akaweka gasketi mpya, akaweka kila kipira mahali pake mimi nikiwa namtazama, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na spana ya kupimia. Hakuuliza habari za shemeji hata mara moja. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya Arusha, nikamwongezea.

Sasa gari lenyewe, maana hii ilitakiwa kuwa habari ya gari. Asubuhi za baridi za Juni na Julai hapa Arusha giya ya pili inakwaruza. Si ugonjwa mpya, zimezaliwa hivyo. Ingiza taratibu mpaka oili ya giyaboksi ipate joto, na ukiona fundi anataka kushusha giyaboksi kwa sababu hiyo, ondoka. Kabureta zake mbili za Weber zinataka mtu mwenye sikio na subira, na kwenye mwinuko huu wa Arusha zikiachwa kama zilivyotoka Ulaya zinakunywa petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Spea unaagiza nje, unasubiri, unalipa ushuru. Matuta ya barabarani yanapitwa kwa kuomba.

Halafu unatoka Kikatiti jioni, turubai umelirudisha nyuma kwa mkono mmoja bila kushuka kwenye kiti, giya ya tano, zile kamshafti mbili zinaimba mbele yako, na mlima umefunguka wote mpaka juu. Sijawahi kumiliki kitu kinachonipa furaha ya aina hiyo. Watoto wa Maji ya Chai wanalijua kwa mlio.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa gari, tano. Nilikuwa nimeandika tatu pale mwanzo, nimefuta. Kwa gereji ya Arusha hakuna nyota, na pesa yangu ya ufundi bado naidai. Sitaki msamaha wa simu. Nataka irudishwe, na vijana wale waliocheka wawepo inaporudishwa.

Na wewe uliyenipigia juzi kuulizia bei kwa sababu ulisikia nimekata tamaa: siuzi.