TAHADHARI: Fundi wa mabwawa anayeuza chokaa kwa bei ya klorini

Wapendwa wa Mbezi Beach, Kunduchi na Tegeta, mwenye bwawa la kuogelea lililotelekezwa asome hapa kabla hajamtumia mtu kianzio. Mimi nimeshapigwa.

Bwawa letu ni mita 8 kwa 4, na lilikaa miaka miwili bila kuguswa. Maji yalikuwa ya kijani na mazito kama mlenda, vyura wanakesha, viluwiluwi vya mbu havihesabiki. Na homa ya dengi hapa Dar es Salaam tuliionja 2014, tukairudia 2019, kwa hiyo sikutaka mchezo. Nikapewa namba ya fundi. Kijana mstaarabu, shikamoo haimtoki mdomoni, simu imejaa picha za mabwawa yanayong'aa. Akachungulia, akatikisa kichwa: "Mama, haya maji yameshakufa. Tumwage yote."

Kumbe ana jamaa yake mwenye boza la kuuza maji. Bwawa langu linachukua kama lita 48,000, yaani boza la lita elfu kumi lije mara tano. Tena ilikuwa Aprili, masika imekolea. Aliyeniokoa ni mzee jirani, mhandisi mstaafu. Akaniambia huku kwetu ukichimba kidogo tu unakutana na maji, na bwawa likiwa tupu yale maji ya chini yanaweza kulinyanyua au kulipasua sakafu. Nikakataa.

Fundi hakubishana. Akaja na hesabu nyingine: mapipa mawili ya klorini, kilo 45 kila moja, mchanga mpya wa filta, na "dawa maalumu". Laki tisa, nikatuma kwa simu. Risiti? Ataleta kesho. (Hiyo kesho mpaka leo.)

Siku ya tatu bwawa likawa la buluu, nami nikaita watu waje kuona. Siku ya tisa kijani kikaanza kurudi pembeni, na plasta nyeupe ya ngazi ikawa na madoa ya kijani-buluu yasiyotoka kwa brashi.

Ile dawa maalumu ilikuwa mrututu, yaani ile chumvi ya shaba ya buluu. Unayapa maji rangi na kuua mwani kwa muda, lakini kazi ya klorini hauifanyi, na shaba iliyomo ndiyo iliyochafua plasta yangu. Na klorini yenyewe? Mzee alichota kikombe kimoja, akakoroga kwenye ndoo ya maji safi. Maji yakawa kama maziwa, baadaye unga wote ukatua chini. Harufu hakuna. Klorini halisi ya asilimia 65 au 70 nayo huacha mashapo kidogo, ila ukifungua tu pipa unatokwa machozi. Tukadondosha matone ya kupimia klorini: maji yalipaswa kugeuka manjano, yakabaki vilevile. Ya kupima pH (uasidi wa maji) yakageuka zambarau, yaani imepanda mno, wakati bwawa linatakiwa liwe kati ya 7.2 na 7.6. Chokaa tupu, ndani ya pipa lenye lebo ya watu. Filta nayo tulipoifungua tukakuta mchanga wa kujengea, na vipande vya simbi ndani yake.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu. Hata kama ingekuwa klorini ya kweli, maji yangu yale, kwa kipimo kikali kabisa cha kuanzia, yalihitaji kama kilo mbili. Yeye aliniuzia tisini!

Namba yake haipatikani sasa, ila nimesikia yupo Kunduchi na laini mpya, picha zilezile. Akija, mwambie afungue pipa mbele yako, akoroge kwenye ndoo, apime matone ukiona, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) itoke kabla ya hela. Akianza kusema ana haraka, mfungulie geti aende.

Pipa moja bado limejaa. Mwenye banda la kuku linalotaka kupakwa chokaa aje achukue bure, ila pipa anirudishie, nitakwenda nalo polisi.