Kumtoa mtoto kwenye chupa: vikombe vya kununua, kuanzia kilicho bora

Ukiingia duka la vifaa vya watoto Kariakoo, au Kamukunji kule Nairobi, ukasema unatafuta kikombe cha mtoto anayeachishwa chupa, muuzaji atakuletea kwanza kile kisichomwaga. Atakigeuza juu chini, atakitikisa mbele yako, na hakuna tone litakalodondoka. Hapo ndipo wazazi wengi hutoa hela. Mimi kikombe hicho nimekiweka mkiani, na kilicho juu kabisa pengine tayari unacho jikoni.

Kwanza tuseme kuhusu muda. Mtoto aanze kuonyeshwa kikombe akiwa na miezi sita hivi, pale anapoanza kula, kabla chupa haijamganda hata asitake kitu kingine. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwaambia wazazi chupa ikome mtoto anapotimiza mwaka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanavumilia hadi miezi 18, wasivuke hapo.

Haraka hiyo inatokana na meno na damu. Mtoto anayelala na chupa mdomoni hukaa usiku kucha na maziwa yamezunguka meno ya juu ya mbele, na hayo ndiyo huanza kupata madoa meupe, kisha ya kahawia, hadi yanamomonyoka. Naye anayezunguka na chupa kutwa nzima hujaza tumbo maziwa, chakula kikitengwa hana njaa. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana mnene wa kupendeza huku damu yake inapungua. Akishapita mwaka, nusu lita ya maziwa kwa siku inamtosha. Kabla ya mwaka, maziwa ya mama au ya kopo la watoto ndiyo yabaki kinywaji chake kikuu, na kikombe kibebe maji yaliyochemshwa au maziwa hayo hayo.

Halafu kuna uji. Chuchu za chupa zilizokatwa kwa wembe ili uji wa lishe upite ni jambo la kila siku mitaani kwetu. Uji unaoweza kupita hapo ni uji uliozidishwa maji, na mtoto anashiba maji. Shirika la Afya Duniani linashauri uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko. Basi chochote utakachonunua katika hivi vya chini, uji usiingie humo. Uji una bakuli na kijiko chake.

Na mama anayenyonyesha asiniambie kwamba namwambia aache. Chupa na ziwa ni mambo mawili. Ziwa liendelee hadi miaka miwili na zaidi, na ukiwa kazini maziwa uliyokamua yanaweza kunyweshwa kwa kikombe bila chupa kuingia nyumbani kabisa.

1. Kikombe kidogo cha wazi

Hiki ndicho namba moja, na wala hakikaribiwi na kingine. Kiwe kidogo, cha kubeba maji kama robo kikombe cha chai, na mdomo wake uwe mwembamba na laini. Ukubwa wa vile vikombe vya kahawa chungu wanavyobeba wauza kahawa wa Pwani ndio hasa unaofaa, ila kwa mtoto chukua cha stili au plastiki nene, kisichovunjika. Kikiwa na mikono miwili ni vizuri. Kikiwa hakina, mtoto atakishika kwa viganja.

Ubora wake uko kwenye ulimi. Kwenye chupa, ulimi unasukuma mbele na kukamua chuchu. Kwenye kikombe cha wazi, ulimi unabaki ndani, midomo inafunga ukingo, na maji yanaingia kidogo kidogo huku mtoto akijifunza kuvuta pumzi kati ya funda na funda. Hiki ndicho kinywa anachokihitaji kwa ajili ya kutafuna pia.

Namna ya kumfundisha: mkalishe wima, mfunge bibu, weka maji kama vijiko viwili tu. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha hadi maji yafike mdomoni, kisha simama hapo hapo. Usimimine. Utaona ulimi unatoka, unayaonja maji, unarudi. Safari inayofuata midomo itajikunja yenyewe kuyafuata. Akikohoa kidogo, ondoa kikombe, msubiri, rudia. Ndiyo, atajimwagia. Kwa vijiko viwili vya maji, kinacholowa ni bibu.

Kuosha ni sekunde chache, hakuna kona ya kujificha uchafu. Cha stili unakichemsha bila wasiwasi, lakini kumbuka kinapokea joto upesi: kijaribu ukingo kwa mdomo wako kwanza. Vile vya bati vyenye maua, rangi ikishaanza kubanduka, viache. Na kikombe chochote kilichopakwa rangi kwa ndani au kwenye ukingo, kirudishe kwenye rafu.

Kuna vilivyokatwa mshazari, upande mmoja juu kuliko mwingine, ili mtoto aone maji bila kuinua sana kichwa. Kile cha Uingereza kiitwacho Doidy ndicho kinachojulikana zaidi. Ni kizuri, ukikipata. Usikitafute kwa gharama kubwa.

2. Kikombe cha mrija

Kwa safari, kanisani, kwenye gari au kwa mtoto anayeachwa kituo cha kulelea watoto, nunua hiki kiwe cha pili. Mrija unafunza midomo kufunga, na mtoto hahitaji kuinua kichwa nyuma. Wengi wanauweza kati ya miezi tisa na mwaka.

Dukani fanya hivi: fungua kifuniko, ng'oa mrija, kisha angalia pale chini ulipochomekwa. Vikombe vingi vina kipande kimoja zaidi pale, kama pete ya mpira, na maziwa huganda chini yake yakawa ute wa manjano usiouona kwa nje. Kama kila kipande kinatoka kwa mkono na mrija umenyooka, chukua. Kama mrija umekunjwa ndani ya kifuniko na hautoki, achana nacho hata kama picha ya sungura imemfurahisha mtoto. Kibrashi chembamba cha kusafishia mrija kiwe ndani ya boksi. Kama hakimo, kinunue siku hiyo hiyo. Mrija uwe mfupi na laini, usifike mbali nyuma ya ulimi.

Asiyejua kuvuta: chovya mrija kwenye maji, ziba juu kwa kidole, mtie mdomoni uachie tone moja. Atadai la pili.

3. Kikombe chenye mdomo, kinachotoa maji bila kufyonzwa

Hiki kina kifuniko na kijidomo, na ukikiinamisha maji yanachuruzika yenyewe. Kinafaa kwa muda mfupi, miezi michache ya mpito, hasa kwa mtoto anayekataa katakata ukingo wa kikombe. Chagua chenye kijidomo laini na kifupi, kisha ukiwa nyumbani zoea kumvulia kifuniko mara kwa mara, kikombe kile kile kiwe cha wazi.

Asitembee nacho mdomoni. Watafiti wa Marekani waliopitia takwimu za hospitali za mwaka 1991 hadi 2010 walikadiria kwamba watoto zaidi ya 45,000 wa chini ya miaka mitatu walipelekwa chumba cha dharura kwa majeraha yaliyohusu chupa, vikombe vya aina hii na chuchu bandia, wengi wao kwa kuanguka. Mtoto anakunywa akiwa amekaa, basi.

4. Kikombe cha kunywea pande zote

Ni kile chenye duara la silikoni juu, mtoto anabonyeza ukingo kwa mdomo maji yanatoka; Munchkin ndiyo chapa iliyokitangaza sana. Kina sura ya kikombe cha wazi na hakina kijidomo. Tatizo langu ni kwamba mtoto bado anafyonza, na wengine huuma ukingo badala ya kunywa. Bei yake nayo: kwa hela hiyo unapata vikombe vidogo vya stili vya nyumba nzima. Ukiletewa zawadi, kitumie kwa maji, gari likiwa linatembea.

5. Kile kisichomwaga kabisa

Ndani ya kifuniko kuna kijipira kinachoziba njia hadi mtoto afyonze kwa nguvu. Maana yake umenunua chupa nyingine yenye sura ya kikombe. Mtoto anaendelea kufyonza vile vile, na kwa kuwa hakimwagi, anaachiwa kutwa na kinywaji kitamu kinachoosha meno kila baada ya dakika chache.

Kuna na ukungu. Mwaka 2016 kampuni inayotengeneza Tommee Tippee ilirudisha vikombe vyake zaidi ya milioni tatu kutoka Marekani na Kanada, kwa sababu kijipira cha kipande kimoja kilikuwa kinaota ukungu ndani, mahali ambapo mzazi hawezi kuona. Vya baadaye kijipira kinafunguka. Kama tayari unacho nyumbani, kitoe kijipira ukitupe. Hapo kinahamia namba tatu.

Plastiki na mitumba

Geuza kitako utafute pembetatu. Namba 5, au herufi PP, ni salama na inastahimili maji ya moto. Namba 7 ni mchanganyiko wa plastiki nyingi, mojawapo ikiwa polikaboneti yenye kemikali ya BPA, ambayo Ulaya iliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani kwenye chupa na vikombe vya watoto mwaka 2012. Ndiyo sababu vikombe vya mitumba vya zamani, vigumu na vinavyong'aa kama kioo, sivitaki. Kisicho na alama yoyote kisiwekewe kitu cha moto.

Kabla hujalipa, fikiria pia nani atakiosha. Kama mtoto anashinda na dada wa kazi mwenye shughuli nyingine kumi, kikombe cha vipande sita hakitaoshwa vipande vyote sita, na kosa si lake. Mnunulie vikombe vya wazi viwili vitatu, vikauke kwa zamu vikiwa vimeinamishwa kwenye kichanja badala ya kufutwa na kitambaa cha jikoni.

Nyumbani anza na chupa ya mchana, ambayo mtoto ameshikwa na michezo na haikumbuki sana. Baada ya siku kadhaa toa ya asubuhi. Ya usiku iwe ya mwisho: maziwa anywe kwa kikombe sebuleni, apigwe mswaki, ndipo aende kitandani, na akiamka usiku apewe maji tu, kwa kikombe. Mweleze dada, mweleze na bibi yake mapema, kwa heshima, mkubaliane siku moja ya kuanza. Chupa iliyobaki kabatini kwa bibi hutolewa mtoto akilia dakika tano tu, na kazi yote inaanza upya Jumatatu.