Kipima chumvi cha tangi la maji ya bahari: kipi ununue, na kwa nini sifuri haitoshi

Malalamiko ya wanaoanza ni yale yale. Tangi la lita 100 limewekwa vizuri, kipimo kinaonyesha chumvi 35, samaki wanakula kama kawaida. Lakini kamba wanakufa mmoja baada ya mwingine kila wanapojivua gamba, na matumbawe laini yamejikunyata, hayafunguki. Mwenye tangi akirudi dukani anauziwa taa kali zaidi, kisha chupa ya vitamini, kisha pampu nyingine. Hakuna anayemuuliza hiyo 35 imesomwa na kifaa gani, wala mara ya mwisho kifaa hicho kilihakikiwa kwa maji gani.

35 maana yake ni gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, kiwango kilicho karibu na cha bahari yetu huku pwani. Samaki wengi wa miambani huvumilia hata 30 kwa muda, kwa sababu miili yao inajua kujirekebishia chumvi. Kiti cha pweza, jongoo bahari na matumbawe hawana uwezo huo: maji yaliyo mwilini mwao hufuata maji yanayowazunguka. Kamba nao, uwezo wao una mipaka. Ndiyo maana samaki wakiwa wazima si ushahidi wowote kwamba kipimo chako ni cha kweli.

Anayefuga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ana mitihani miwili ya ziada. Wa kwanza ni joto. Wengi hupoza tangi kwa feni inayopuliza juu ya maji, na ni njia nzuri, ila feni hupoza kwa kukausha maji, na yanayokauka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 3 kwa siku hupanda kutoka 35 hadi 36 na kidogo, na siku tatu bila kujazia maji matamu utakuwa umevuka 38. Wa pili ni maji ya kuchota baharini. Wakati wa masika, maji ya karibu na mdomo wa Msimbazi au ndani ya mkono wa bahari wa Tudor huchanganyika na maji ya mvua, na kwa macho huwezi kujua. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mito na mifereji, kisha pima kabla ya kumimina.

Sasa kasoro yenyewe, ambayo miongozo mingi huipita kama haipo. Vifaa vingi huuzwa na maelekezo haya: weka matone ya maji safi, zungusha skrubu mpaka mstari ufike sifuri, umemaliza. Lakini wewe hupimi sifuri, unapima 35. Kifaa kinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye sifuri na kukosea pointi mbili kule unakokihitaji, na skrubu haitakuonyesha hilo kamwe. Dawa ni kukihakiki kwa maji ya 35 yanayojulikana. Swali la kwanza la kununua ni hilo: je, kifaa hiki naweza kukihakiki kwenye 35? Rangi ya mfuko wake, ukubwa wa namba na urefu wa dhamana sitavigusa.

Nafasi ya kwanza: Hanna HI98319

Ninaipendelea waziwazi. Ni kifaa cha umbo la kalamu kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, na tofauti yake kubwa ni kwamba kiwanda kimekitengeneza kihakikiwe kwenye 35 kwa paketi ndogo ya maji maalumu. Sehemu ile ile unayopima ndiyo unayohakiki. Kinasoma joto la maji chenyewe na kufidia, hivyo chumba cha Februari chenye nyuzi 32 hakikiyumbishi. Usahihi kiwanda kinaouahidi ni pointi 1 juu au chini, na ukikihakiki kwenye 35 ndipo hapo hapo kinapokuwa kizuri zaidi.

Kinavyoharibika: mapovu ya hewa yakinasa kwenye ncha, kitasoma pungufu, kwa hiyo kizamishe, kigongegonge taratibu kwenye ukuta wa chombo, subiri dakika moja namba itulie. Ukikiacha kikauke na chumvi kwenye ncha, siku ya pili kitaanza kupotoka, basi kisuuze kwa maji matamu kila ukimaliza. Kihakiki kila mwezi, na kila ulipokiacha muda mrefu bila kukitumia. Paketi ikifunguliwa itumie siku hiyo uitupe. Ikikaa wazi maji yake hukauka, chumvi hupanda, na utakuwa unakifundisha kifaa chako uongo.

Hapo kwenye paketi ndipo ninapokasirika. Kalamu yenyewe inauzwa, lakini ukiulizia paketi unaambiwa zimekwisha, subiri mzigo. Au unauziwa zilizopita tarehe, bei imepandishwa kwa hoja kwamba ni bidhaa adimu. Anayeuza kipimo bila kuuza kihakikisho chake anauza nusu ya kifaa kwa bei ya kifaa kizima. Usilipe mpaka uone paketi zisizopungua sita zenye tarehe iliyo mbele.

Nafasi ya pili: refraktomita ya mkono iliyotengenezewa maji ya bahari

Hii ni ile darubini ndogo: unadondosha matone mawili kwenye kioo, unafunika, unatazama kwenye mwanga. Haina betri, na kwa kawaida ni nafuu sana kuliko kalamu. Ningeipa nafasi ya kwanza kama wauzaji wangekuwa wakweli kuhusu wanachouza.

Nyingi zilizoko sokoni zimechorwa kwa maji ya chumvi ya mezani, si maji ya bahari. Maji ya bahari yana magnesi, salfeti na kalisi juu ya chumvi ya kawaida, na hupinda mwanga tofauti kidogo. Kwenye refraktomita ya chumvi ya mezani, maji ya bahari ya 35 husomeka kama 36.5. Mwenye tangi anaongeza maji matamu mpaka isome 35, na sasa tangi lake liko kwenye 33.5. Kwa maji safi ilisoma sifuri bila kosa!

Itambue kabla ya kulipa. Ndani ya darubini kuna mistari miwili ya namba, mmoja wa chumvi na mwingine wa uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu. Tazama 35 imelingana na nini upande wa pili. Ikiwa karibu na 1.0265, imechorwa kwa maji ya bahari. Ikiwa 1.025, ni ya chumvi ya mezani. Kampuni ya Red Sea inatengeneza moja iliyochorwa kwa maji ya bahari tangu mwanzo, na ndiyo ningeichukua katika kundi hili. Angalia pia usiuziwe ya kupimia sukari, asali au maji ya betri ya gari. Umbo ni lile lile, na muuzaji asiyejua ataapa kwamba ni moja.

Kwenye boksi utaona herufi ATC, yaani inafidia joto yenyewe. Soma karatasi ya ndani: nyingi hufidia kati ya nyuzi 10 na 30 tu. Nairobi hilo halina shida. Mombasa, kwenye chumba cha juu mchana wa kaskazi, umeshatoka nje ya mipaka. Suluhisho ni kuhakiki kwa maji ya 35 ndani ya chumba kile kile, saa ile ile unayopima, ili joto liathiri vyote viwili kwa pamoja.

Ukikosa maji ya kuhakikia ya dukani, tengeneza mwenyewe. Pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu na laini kwa mizani ndogo ya kidijitali, changanya na gramu 963.5 za maji safi, koroga mpaka yote iyeyuke. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari ya 35. Weka matone, subiri nusu dakika, zungusha skrubu mpaka mstari ukae kwenye 35. Chumvi ya mawe usitumie, ina unyevu na uzito wake hautabiriki. Chupa ifungwe kabisa. Na mchanganyiko huu ni wa refraktomita peke yake, kwa kalamu ya umeme au haidromita utakupotosha.

Nafasi ya tatu: haidromita ya kioo ya Tropic Marin

Bomba la kioo linaloelea, na ukisoma ni pale uso wa maji unapokata mstari. Hakuna cha kurekebisha wala cha kuchoka. Imepimwa kiwandani kwa maji ya nyuzi 25, na tangi lako huku pwani lina 27 au 28. Kwa nyuzi 28 itasoma pungufu karibu 0.0009, ambayo ni zaidi ya pointi moja ya chumvi, kwa hiyo poza maji ya kupimia kwanza. Kisha soma karatasi yake ujue inapima kitu gani: haidromita za kioo huja za namna mbili, ya uzito wa maji kwa ujazo wake na ya uzito ukilinganishwa na maji matupu, na maji yale yale ya 35 kwa nyuzi 25 husomeka 1.0233 kwenye moja na 1.0264 kwenye nyingine. Zote mbili ni za kweli. Anayechanganya hizo mbili anakosea kwa pointi nne. Huvunjika kirahisi, weka mbali na watoto.

Nafasi ya nne: refraktomita za kidijitali

Milwaukee MA887 na Hanna HI96822 zina namba kubwa, husoma kwa sekunde mbili, na hufidia joto hadi nyuzi 40. Bei yake hupita ya kalamu. Lakini huhakikiwa kwa sifuri tu, na usahihi wanaoutangaza ni pointi 2 juu au chini. Kulipa zaidi ili upate uhakika mdogo zaidi sioni sababu, hata kama Hanna ndio chaguo langu hapo juu.

Za bei rahisi

Kisanduku cha plastiki chenye mshale: povu likinasa kwenye mshale kinasoma juu, chumvi ikigandia kinasoma chini. Kitakufaa ukiwa pwani kujua kama maji ya kuchota yamechanganyika na mvua. Kalamu za kupimia maji ya kunywa nyingi huishia 9,990 kwa milioni, na maji ya bahari ni 35,000 kwa milioni. Usinunue.

Ukikuta tangi liko 38 kwa kipimo cha kweli, toa lita 8 katika kila 100 na urudishe lita 8 za maji matamu yasiyo na klorini, kidogo kidogo kwa siku mbili. Likiwa 32, usimwage chumvi ndani ya tangi. Jazia maji yanayokauka kwa maji ya chumvi badala ya matamu, upandishe pointi moja kwa siku na si zaidi.

Ukiwa dukani, nenda na kichupa chako cha maji ya 35. Muuzaji akikuonyesha sifuri kwa maji ya bomba, mwombe aweke na hayo.