TAHADHARI: "Kaka wa Chetumal" anayekodisha magari ya kwenda Calakmul ni tapeli, msimtumie hata senti

Wana grupu, mliokuwa kwenye mipango ya kwenda Calakmul na magofu mengine ya Wamaya kule Meksiko mnajua namzungumzia nani. Msiokuwepo, msianze kuuliza nani alimleta, hilo tumeshalimaliza wenyewe kwa maneno makali. Ninyi jueni tu kwamba tumepigwa dola 1,155 na jana amebadilisha picha ya wasifu wake, anatafuta wengine.

Alhamisi saa mbili usiku aliandika hivi: "Kuna Wajerumani wanaitaka pikapu hiyohiyo, nimewaambia ndugu zangu wametangulia. Mnalipa leo au niwape?" Dakika tano baadaye video. Pikapu nyeupe, anaizunguka, anapiga teke tairi moja moja, anafungua boneti, sauti yake inahesabu: spea ipo, jeki ipo, spana ya magurudumu ipo. Kisha hesabu: siku 7 kwa dola 70, hiyo ni 490. Bima kamili 90. Tiketi zote za Calakmul kwa watu 5, dola 125. Boti ya kwenda magofu ya Yaxchilán 150. Barua ya kuvusha gari kuingia Guatemala 300. Kila kitu kimetajwa, kila kitu kina bei yake. Pesa ikaenda kwa Zelle, ile huduma ya Marekani ya kutumiana pesa benki kwa benki, ndani ya dakika ishirini, kwa simu mbili maana moja iligonga kikomo cha siku. Zelle! Kadi ya benki ungeweza kupinga malipo. Zelle ukishabonyeza mwenyewe, benki inakusikiliza tu kama anayesikiliza msiba wa jirani.

Najua mtasema wajinga ndio waliwao. Sikilizeni kwanza. Huyu mtu anaijua njia. Tulimtega kwa kumuuliza Calakmul unalipia wapi, maana anayebahatisha husema "getini". Yeye akajibu kwamba unalipa mara tatu: kwenye njia panda ya Conhuas, barabara ya 186, wanakijiji wanatoza ya kwao, ukiingia kilomita 20 unalipia hifadhi, ukifika mwisho wa zile kilomita 60 ndipo INAH, taasisi ya mambo ya kale ya Meksiko, wanakukatia tiketi ya magofu yenyewe. Sahihi kabisa. Akaongeza bila kuulizwa kwamba mafuta ni ya kujaza mji wa Xpujil, kwa kuwa kutoka hapo hadi magofuni na kurudi ni zaidi ya kilomita 200 na njiani huna pa kujazia. Akasema zile 60 za msituni usizikimbize, barabara ni nyembamba, kona zinaficha anayekuja, na bata mzinga wa mwituni wanajisimamia katikati ya lami kama wenye mji. Akatukosoa hata saa: Chetumal iko jimbo la Quintana Roo, saa moja mbele ya jimbo la Campeche yalipo magofu ya Calakmul, kwa hiyo ukivuka mpaka wa majimbo unarudisha saa nyuma. Na yote hayo kwa Kiswahili cha pwani, shikamoo dada, ndugu zangu, poleni na safari. Ughaibuni mtu akikusalimia hivyo unalegea, tusidanganyane.

Siku yenyewe, saa tatu kamili asubuhi, kituo cha mabasi Chetumal. Watu watano, mabegi tisa, pikapu hakuna. Saa tatu na robo anaandika: "Poleni jamani, mimi nafuata saa za Campeche, kwangu bado saa mbili na robo, nipo njiani." Yaani lile somo la saa lililotufanya tumwamini ndilo alilotumia kutuweka kitako saa nzima akiwa anafuta nyayo zake. Saa nne na nusu, tiki moja ya kijivu. Saa tano picha haipo. Kaingia mitini.

Ndipo ile barua ya mpakani iliposomwa kwa makini, tukiwa juu ya mabegi. Mhuri wa bluu upo, namba ya gari ipo, sahihi yenye mikia ipo. Inaruhusu pikapu kuingia Guatemala kupitia Frontera Corozal. Frontera Corozal hakuna daraja! Pale ni Mto Usumacinta, watu wanavuka kwa boti nyembamba za injini, na boti za aina hiyohiyo ndizo zinazoteremsha wageni hadi Yaxchilán, karibu saa nzima, kwa kuwa barabara ya kufika magofu yale haipo. Pikapu ingevukaje, ingeogelea? Anayetaka kweli kuvuka na gari kwenda Flores na Tikal huko Guatemala anatokea mji wa Tenosique na kupitia mpaka wa El Ceibo, tena kampuni nyingi za kukodisha za Meksiko hazikubali gari lao litoke nje ya nchi. Tuliyajua haya kabla ya kulipa. Tuliona mhuri, hatukusoma jina la mahali. Hapo ndipo panapouma kuliko pesa.

Akipatikana, mimi sitaki arudishe tu. Atembezwe kwa miguu zile kilomita 60 mwezi wa tano, jua la utosi, chupa moja ya maji, na kila kituo cha malipo alipe mara tatu. Kisha polisi wamchukue.

Mnaouliza dalili, zilikuwepo. Hakuomba kadi ya benki ya dereva wala kuzuia amana, na hakuna mwenye gari wa kweli anayekuachia pikapu bila hiyo. "Bima kamili" yake haikuwa na namba ya hati ya bima wala namba ya chasisi. Mle Meksiko ukigonga mtu bila bima ya kufidia wengine, dereva anaweza kuwekwa ndani hadi mambo yaishe. Tiketi za Calakmul zinalipwa palepale, peso mkononi, hakuna cha kununua zote tatu kwa dalali. Boti ya Yaxchilán unalipia gatini. Alisema pia kwenye magofu ya Bonampak tutaendesha wenyewe hadi mlangoni, wakati kipande cha mwisho unapelekwa na Walacandon, wenyeji wa pale, kwa magari yao. Na 4x4 ya nini, njia ya Calakmul ni lami, gari dogo linafika! Alituuzia tairi kubwa kwa ajili ya lami. Mwizi wa daraja la kwanza.

Kuna watu wawili wamenitumia ujumbe leo kwamba wameshatoa kishika uchumba kwa ajili ya Pasaka. Pigeni benki usiku huuhuu, kabla hajahamisha. Na mkiletewa video ya pikapu nyeupe yenye mchubuko juu ya taa ya kushoto nyuma, ni ileile, iwekeni hapa pamoja na namba anayotumia sasa.