Uzoefu wangu wa safari ya siku moja Ugogo: njia ya misafara, mvinyo wa Dodoma na ugali wa uwele

Watu wengi wa Dar es Salaam wanaoifahamu Dodoma wanaifahamu kwa shughuli za serikali: wanashuka kwenye treni ya umeme asubuhi, wanaingia wizarani au kwenye kikao, wanalala usiku mmoja na kurudi Pwani bila kuuona mzabibu hata mmoja. Safari ninayoieleza hapa inauzwa na kampuni ndogo ya mjini Dodoma kwa watu wa aina hiyo, wenye Jumamosi moja mkononi, nayo inaahidi kuwapa historia ya Ugogo, kuonja mvinyo na chakula cha kijijini kwa siku hiyo hiyo. Nimelipa kwa fedha zangu mwenyewe na sikupewa punguzo lolote. Maoni yangu ni kwamba historia na chakula vinastahili bei iliyowekwa, ilhali sehemu ya mvinyo, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, bado inahitaji kazi.

Bei ilikuwa Sh 140,000 kwa mtu, ikijumuisha usafiri wa Noah kutoka mjini, mwongozaji, chakula cha mchana na kuonja mvinyo wa aina nne. Chupa za kwenda nazo nyumbani unanunua mwenyewe. Gari lilikuwa safi, dereva hakuwa na papara, na maji ya kunywa hayakupungua siku nzima, jambo ambalo si dogo kwa Dodoma ya mwezi Septemba.

Tulianzia stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Mwongozaji hakutuchelewesha hapo. Alisema tu kwamba mji huu ulikua kwa sababu ya reli, na kwamba anayetaka kuijua Ugogo ya kabla ya reli inambidi atoke mjini. Tukashika barabara ya Iringa, kuelekea upande wa Matumbulu na Bihawana.

Hapo ndipo safari ilipoanza kuwa na thamani. Tulisimama chini ya mbuyu mkubwa kando ya shamba, naye akatoa kwenye mkoba wake kipande cha kaniki, akaanza kukipima mbele yetu kwa mkono, kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, akihesabu kwa sauti mpaka akafika mikono minane. Hiyo, akasema, ni doti moja. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na ile iliyorudi Pwani na pembe za ndovu na watumwa, ililazimika kukatiza Ugogo, na kila mtemi ambaye misafara ilipita katika eneo lake alitoza hongo, yaani malipo ya kupita, ambayo kwa kawaida ililipwa kwa nguo na shanga. Henry Morton Stanley alipita huku mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na vituo vyake vya hongo vilikuwa na majina ambayo leo tunayasoma kwenye vibao vya barabara: Mvumi, Matumbulu, Bihawana.

Wasafiri wa Kizungu walilalamika sana kuhusu hongo, na vitabu vingi vilivyofuata vikayarudia malalamiko hayo bila kuyachuja. Mwongozaji wetu aliligeuza jambo hilo kwa namna iliyoniridhisha. Msafara wa mamia ya wapagazi ulifika Ugogo baada ya kukatiza nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, watu wakiwa hoi kwa kiu, na mara tu ulipofika ulianza kunywa kutoka kwenye visima vilivyochimbwa na wenyeji na kula nafaka iliyolimwa kwa mvua ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Kwa mwenye kisima, doti kadhaa za nguo hazikuwa unyang'anyi. Mmoja wetu, mhasibu kwa kazi, alimuuliza hongo hiyo inatofautianaje na ushuru wa forodha wa leo, na mjadala uliofuata ulituchukua mpaka tulipofika kwenye nyumba ya tembe.

Tembe hiyo ni ya familia inayoishi humo mpaka sasa, na hilo niliona ni heri kuliko kuoneshwa kibanda kilichojengwa kwa ajili ya wageni. Ina paa bapa la miti iliyofunikwa kwa udongo, nalo ni fupi kiasi kwamba mtu mrefu anaingia ameinama. Bibi mwenye nyumba alitupokea kwa “Mbukwenyi”, sisi tukaitikia kwa kubabaika na kumalizia kwa shikamoo, akacheka. Mwongozaji alipofika kwenye Mtunya, njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita ya kwanza ya dunia kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakatika, bibi alimkatiza kwa upole na kueleza majani na mizizi ambayo watu walikula, kama alivyosimuliwa na mama yake. Mwongozaji alinyamaza akamwachia nafasi. Ni wachache katika kazi hiyo wanaojua kunyamaza. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofia Kongwa kati ya mwaka 1947 na 1951, ulitajwa ndani ya gari tu, na sina lalamiko, kwani Kongwa ni mbali na siku ni moja.

Shamba la zabibu lilifuata. Zabibu za Dodoma zililetwa na mapadri wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na Bihawana ndiyo inayotajwa kama chimbuko lake. Divai ya misa ilitangulia, biashara ikafuata. Jambo ambalo sikulifahamu kabla ya kufika shambani ni kwamba mizabibu ya huku haina majira ya baridi ya kuilaza kama ile ya Ulaya, hivyo mkulima ndiye anayeiamuru kuanza upya kwa kuipogolea. Mzee mwenye shamba alishika tawi, akahesabu macho mawili, yaani sehemu za kuchipukia, kutoka kwenye shina, akakata kwa mkasi juu ya jicho la pili, na akatueleza kwamba miezi kadhaa baada ya mkato huo huvuna. Kwa hiyo wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka, takriban Machi na tena Agosti hadi Septemba. Alituonesha nguzo iliyoliwa na mchwa hadi kubaki ganda, na majani yenye ubwiri unga, ugonjwa unaoonekana kana kwamba mtu amenyunyiza sembe.

Kisha akaanza kuzungumzia soko, na hapo ndipo nilipotamani tungekaa zaidi. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Mkulima asiye na mahali pa kuikamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu inambidi akubali bei yoyote anayoikuta siku hiyo, na mnunuzi analijua hilo vizuri. Mwenye tangi anauza mchuzi, asiye na tangi anauza haraka. Mzee alikumbuka enzi za DOWICO, kampuni ya umma iliyonunua zabibu na kutengeneza mvinyo, na jinsi kufa kwake kulivyowafanya wengine kung'oa mizabibu na kurudi kwenye mtama. Alikuwa ameanza kutueleza namna yeye na jirani zake wanavyochanga kununua tangi la pamoja wakati mwongozaji alipoangalia saa na kutuita garini. Tulikaa shambani chini ya nusu saa. Kwenye duka la kiwanda cha mvinyo tulikaa zaidi ya saa moja na nusu. Mgawanyo huo wa muda sikuuelewa.

Kiwanda tulichopelekwa ni kidogo na wenyeji wake ni wakarimu. Tuliona matangi ya chuma cha pua na mapipa machache ya mwaloni. Mtu wa uzalishaji alitueleza vizuri kwamba jua la Dodoma huipa zabibu sukari nyingi na kuipunguzia ukali wa asidi, ndiyo maana wanapendelea kuvuna alfajiri na kupoza matangi wakati wa kuchachusha, na ndiyo maana Chenin Blanc, zabibu nyeupe ambayo haipotezi ukali wake upesi, imekubali huku. Maelezo hayo yalikuwa mazuri mno kwa kile kilichofuata. Mvinyo mweupe tulimiminiwa ukiwa na joto la chumba, na chumba chenyewe kilikuwa na bati juu. Mvinyo mtamu ulitangulia mwekundu mkavu, kwa hiyo mkavu ulipofika mdomoni ulionekana mchungu kuliko ulivyo. Nilikunywa maji, nikala kipande cha mkate, nikaomba kuuonja tena, na safari hiyo ya pili niliupenda: mzito kiasi, wenye harufu ya matunda meusi na ukavu unaobaki kwenye fizi. Kijana aliyemimina alikuwa mchangamfu, ila kila swali alilijibu kwa bei ya katoni.

Wenzetu wawili hawanywi pombe. Walipewa juisi ya zabibu, tamu na baridi kuliko mvinyo wetu, lakini walitozwa bei ile ile. Kampuni ingeweza kuwapunguzia bila hasara, hasa kwa nchi ambayo wateja wengi watakuwa Waislamu au Walokole.

Chakula kilikuwa kwenye nyumba nyingine kijijini, nacho kingeweza kuuzwa peke yake. Tulikuta mama wawili wakimaliza kusonga ugali wa uwele, ambao una rangi ya kijivu inayoelekea kijani na harufu ya nafaka iliyokaangwa kidogo, tofauti kabisa na sembe ya dukani. Mlenda ulipikwa mbele yetu. Majani yaliyokaushwa na kusagwa hutiwa kwenye maji yanayochemka pamoja na magadi kidogo, kisha hukorogwa mfululizo mpaka yaanze kuvutika, ndipo karanga zilizosagwa zinapoingia. Mama aliyekuwa akikoroga aliinua mwiko juu mara kwa mara kutazama uzi unaoshuka, na alipoona haukatiki tena akaepua sufuria. Wa Pwani tuliokuwepo tulihangaika na uzi huo kati ya bakuli na kidevu; mtoto wa nyumba hiyo akatuonesha namna ya kuzungusha tonge ili kuukata. Kulikuwa pia na kuku wa kienyeji wa mchuzi mwepesi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Niliuliza kwa nini uwele na si mahindi, nikajibiwa kwamba mahindi hulimwa, lakini mvua ikikatika Februari uwele ndio unaobaki umesimama. Mtu aliyesikia habari za visima na Mtunya asubuhi haelezwi zaidi.

Kasoro moja ya chakula ni kwamba kilikuja saa tisa, baada ya mvinyo, na baadhi yetu tulikuwa tumeonja kwa matumbo matupu. Kingetangulia, hata huo mvinyo ungepata haki yake, na mwekundu mkavu ungefaa sana kwenda na yule kuku.

Anayefikiria kwenda asidhani kwamba ataiona Dodoma yote. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, iko mbali kaskazini na inahitaji siku yake. Kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora nacho hakimo kwenye ratiba. Avae viatu vya kufunga, maana miiba ya huku haichagui mgeni, na akiweza achague Machi au mwishoni mwa Agosti, mizabibu ikiwa imebeba; tulipofika sisi vishada vilivyobaki vilikuwa vya kuokoteza.

Niliwaandikia wenye kampuni maoni haya kabla ya kuyaweka hapa. Wamejibu kwamba chakula kitatangulia mvinyo kuanzia safari zijazo na kwamba watabeba kasha la barafu. Kuhusu kuongeza muda wa shambani na kupunguza wa dukani, wamesema watazungumza na kiwanda.