Ticket to Ride: kabla hujalipa, uliza kama kuna mabehewa

Desemba nilimwomba mdogo wangu aliyeko Uingereza aniletee Ticket to Ride, ule mchezo wa mezani wa kujenga njia za treni, wenye ramani ya Afrika, Heart of Africa. Wanangu waliisubiri wiki tatu. Tukafungua sanduku: ubao wa kupendeza, tiketi zinazokuambia uunganishe miji ipi, karata za ardhi. Behewa la plastiki la kupanga ubaoni hata moja hakuna, wala zile karata za rangi unazokusanya. Kumbe ni ramani ya nyongeza, haichezeki bila sanduku mama. Muuzaji wa mtandaoni alikuwa ameweka picha ya mbele tu na kuandika "mchezo kamili". Watoto walilala wamenuna, nami nilikuwa na hasira kuliko wao.

Kwa hiyo umri na idadi ya wachezaji utasoma mwenyewe kwenye sanduku. Mimi nauliza moja tu: sanduku hili linajitegemea?

Namba moja kwangu ni sanduku la Europe, lenye ramani ya Ulaya, la mwaka 2005. Lina mabehewa 45 kwa kila mchezaji, na karata 110 za treni. Kwenye zamu yako unachota karata, au unalipa karata za rangi moja na kupanga mabehewa kati ya miji miwili, au unaongeza tiketi, au unajenga stesheni. Mama yangu alielewa kabla chai haijapoa. Utamu wake ni kuvumilia: njia ya Stockholm hadi Petrograd inataka karata nane na inakupa pointi 21, na kwa kuwa ni handaki unaweza kudaiwa nyingine papo hapo. Huku unakusanya, mwenzako anakuwahi. Ndiyo maana nazipenda stesheni tatu za Europe: ukizibiwa, unapitia njia ya mwenzako, na mgeni haachwi nje ya mchezo.

La pili ni lile la awali, lenye ramani ya Marekani, lililoshinda Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka, mwaka 2004. Linajitegemea, ila halina stesheni.

Mfuko ukibana, kuna New York ya 2018: wachezaji wasiozidi wanne, teksi badala ya treni, robo saa limekwisha.

Bei nazo zinaumiza, maana usafirishaji unalipia hata sanduku pungufu. Sasa kila muuzaji namwandikia: nipigie picha sanduku likiwa wazi, mabehewa yaonekane. Asiyejibu, sinunui kwake.