Magneto imefungwa, waya haukufungwa: uzoefu wangu na karakana ya ndege

Nyota moja. Lau kungekuwa na sifuri ningeitoa, tena ningemkabidhi msimamizi wao mkononi. Jina la karakana sitaliandika hapa. Wanaoruka kutoka uwanja wa ndege wa Kisauni, hapa Unguja, wakinikuta uwanjani waniulize, nitawajibu bila ya kumung'unya maneno.

Mie ni rubani, na pia ndiye ninayesimamia matengenezo ya Cessna 172 ya jamaa zangu, ambayo safari zake kubwa ni Unguja na Pemba, Pemba na Unguja. Injini yake ni Lycoming ya silinda nne. Hulala nje na turubai juu yake, na upepo wa kusi ukishaanza, chumvi haichagui: nati, klipu, vichwa vya waya, kila kitu huota ukoga wa kijani. Kwa hiyo sichezi na matengenezo. Oili namwaga kila saa 50 za injini, na hata saa hizo zisipotimia, miezi minne ikipita namwaga. Filta ya zamani naikata na kuikunjua karatasi yake, nitazame kama ina chembe za chuma. Anayetaka kunambia sijui injini aanzie hapo.

Kisa chenyewe ni cha kabla ya masika. Nilikuwa niwapeleke jamaa Chake Chake kwenye harusi. Nikafanya majaribio ya kawaida kabla ya kuingia njia ya kurukia: mizunguko 1700 kwa dakika, ufunguo upande huu, ufunguo upande ule. Kwa asiyejua, injini ya namna hii ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, moja inalishwa na magneto hii na nyengine na magneto ile. Magneto inajitengenezea umeme wake wa cheche za plagi kwa sumaku inayozungushwa na injini yenyewe. Betri ife, taa zizimike, redio inyamaze, injini haijali, inaendelea. Ukiiacha magneto moja ifanye kazi peke yake, mizunguko hushuka kidogo. Kitabu cha ndege yetu kinaruhusu ishuke hadi 125, na tofauti baina ya magneto mbili isizidi 50. Nilipoiacha ya kushoto peke yake, ilishuka zaidi ya mia mbili na injini ikatetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa ya malaria.

Nikajaribu dawa ya kwanza anayoijua kila rubani. Petroli yetu, 100LL, ina madini ya risasi ndani yake, na madini hayo huganda kwenye plagi, hasa za chini. Nikapandisha mizunguko, nikapunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa ili moto uwe mkali uzichome. Wapi. Nikageuza ndege, nikawashusha watu na mabegi yao na masinia ya halua, wakatafuta usafiri mwengine. Harusi waliikuta katikati.

Karakana wakaifungua magneto, wakasema platini zimelika, kondensa imechoka, na isitoshe imekaribia ukaguzi wa saa 500, basi afadhali iwekwe nyengine kuliko kuifufua hii. Hapo sina lawama nao. Bei ilinichoma, lakini spea ya ndege ndivyo ilivyo, nikakubali. Walichelewa kuliko walivyoahidi, simu wakawa hawapokei, nayo nikaimeza.

Siku ya kukabidhiwa, kitabu cha injini kilikuwa kimeshajazwa: magneto ya kushoto imebadilishwa, taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, imepimwa, injini imejaribiwa, sawa. Sahihi chini, na muhuri. Nikawasha. Mizunguko 1700. Nikageuza ufunguo ibaki ya kulia peke yake, na mshale haukutikisika. Nikarudisha, nikageuza tena. Haukushuka hata kidogo.

Asiyejua atasema mashaallah, injini nzima hiyo. Mie mikono ilinilegea. Ufunguo wa ndege haukati umeme wa magneto kama swichi ya taa ya nyumbani. Ukiizima magneto, unachofanya ni kuupeleka umeme wake athi, yaani kwenye mwili wa injini, kwa kijiwaya kimoja chembamba. Kijiwaya kikiwa hakikuungwa, au kimekatika, magneto inabaki hai siku zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako na wewe uko kwako Bububu umelala. Nilipogeuza ibaki ya kulia, ya kushoto ilitakiwa inyamaze. Haikunyamaza, zote mbili zikaendelea kupiga, ndiyo maana mizunguko haikushuka. Nikateremsha mizunguko chini kabisa na kuuzungusha ufunguo mpaka penye kuzima, kwa nukta moja tu. Injini ikaendelea kuunguruma raha mustarehe.

Naomba tuelewane hapa, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Ndege hizi tunazizima kwa kuvuta kitasa cha mchanganyiko, injini inakosa mafuta na kufa. Kwa hiyo mtu anaweza kuruka muda mrefu asijue kuwa ufunguo wake haufanyi kazi. Halafu siku moja kijana wa uwanjani anataka kuisogeza ndege, anashika propela, anaizungusha kidogo, na ndani ya silinda mmebaki tone la mafuta na cheche ipo tayari. Injini inapiga. Mkono wake uko pale pale. Watoto wa jamaa zangu wamepigwa picha wameishika propela ile ile. Tunawakataza, lakini nani asiyewajua watoto?

Nikamwita msimamizi. Ni mtu mzima, umri wa baba yangu, nikamwamkia kama inavyopasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nini tena?"

"Magneto ya kushoto haizimi. Nikigeuza ufunguo mizunguko haishuki kabisa."

Akacheka. Alicheka mbele ya mafundi wake, mbele ya wabeba mizigo, mbele ya abiria wa ndege nyengine waliokuwa wakipita.

"Mwanangu, juzi ulikuja unalia inashuka. Leo unalia haishuki. Sasa wewe unataka nini?"

Wakacheka wote. Nikamwambia, "Mzee wangu, ni waya wa athi. Nakuomba lifunguliwe kava tuutazame tu."

"Nimetia sahihi mie. Kazi hii nimeianza wewe hujazaliwa. Kurusha rusha wewe, spana tuachie wenyewe." Akageuka, akaenda zake kwenye chai.

Ningekuwa nimejibiwa hivyo na mtu wa rika langu, wallahi pale maegeshoni tungesikika mpaka mnarani. Kwa mtu mzima nikakaa kimya, na kimya kile mpaka leo kinanikaba. Maana yule mzee anajua. Hakuna fundi mwenye leseni ya ndege asiyejua kwamba magneto isiyoshuka kabisa ni magneto isiyozimika, hilo husomeshwa mwanzo mwanzo. Hakuyasikiliza maneno yangu, alisikia mteja analalamika, basi, akajibu lalamiko. Mtu aliyebeba sahihi ya kuruhusu ndege iruke hana haki ya kuchoka kusikiliza.

Sasa nije kwa yule kijana, naye nimtendee haki. Wenzake walipomfuata mzee, yeye alibaki. Hakunambia chochote. Akaleta bisibisi na tochi, akafungua kava la injini, akanionyesha kwa kidole. Kichwa cha ule waya, kile kijiduara cha shaba, kilikuwa kimelala pembeni ya magneto hakigusi kitu, kinang'aa kipya kabisa. Nati yake ilikuwepo kwenye skrubu, imezungushwa kwa vidole nyuzi mbili tatu na kuachwa. Mtu aliianza kazi, akaitwa au akapigiwa simu, hakurudi. Magneto ya kulia juu ya nati yake ina mstari wa rangi ya chungwa, ile alama fundi anayoichora akishakaza ili ikilegea ionekane. Ya kushoto ilikuwa tupu, hata dalili ya rangi haina. Na mtu akaandika kitabuni "imejaribiwa, sawa". Imejaribiwa na nani? Kwa jaribio gani?

Kijana akasafisha skrubu kwa brashi, akauvisha waya, akaweka washa, akakaza kwa spana ndogo taratibu, maana ile nati ukiitumilia nguvu unaweza kuharibu kilichomo ndani. Akachora mstari wake wa rangi. Nikadhani amemaliza. Akasema, "Kaka, ngoja niangalie na taimingi, siiamini tena." Akawaondoa watu wote mbele ya ndege, akatoa plagi moja ya juu kwenye kila silinda ili injini isiweze kupiga hata ikitaka, ndipo akaishika propela. Akaunga kile kiboksi cha kupimia taimingi chenye taa mbili, akaizungusha polepole mpaka alama zikakutana, nyuzi 25 kabla ya pistoni kufika juu. Taa zikabadilika pamoja. Sikumwomba, na hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Nikawasha upya. Kushoto ikashuka kidogo, kulia ikashuka kidogo, karibu sawa. Mizunguko ya chini, ufunguo penye kuzima, injini ikakata pale pale, nikairudisha. Na tangu pale, niseme kweli, injini inashika upesi kuliko nilivyowahi kuiona, asubuhi ya baridi ya kusi ni mguso mmoja tu. Magneto yenyewe ni nzuri na imefungwa mahala pake sawasawa. Nilipofika kwangu jioni nikawa nataka kuandika nyota tatu, nimlaumu mzee na niisifu kazi.

Halafu nikaifungua bahasha ya karatasi.

Ankara inasema magneto mpya. Cheti kilichokuja na magneto, ile karatasi ya kuthibitisha kuwa spea ni halali kwa ndege, kinasema imefanyiwa ukarabati kamili. Sina ugomvi na spea iliyokarabatiwa na wenye ruhusa, ni halali na nyingi zinafanya kazi vizuri. Lakini bei yake si ya mpya, na mie nimelipa ya mpya. Niliporudi ofisini kwao, dada wa mahesabu alinipokea kwa adabu, akatazama, akaomba radhi, akasema ni kosa la kuandika, na tofauti wakaipunguza kwenye deni la kazi ijayo. Nilitaka fedha zangu mkononi. Hata hivyo dada yule alinisikiliza mpaka mwisho, na baada ya yaliyotangulia hilo lilinipoza. Nyota mbili, nikasema, mbili zinatosha, na nitawashauri watu waende lakini wamtake kijana.

Mbili hizo hazikudumu. Kijana bado hana leseni, anafanya kazi chini ya usimamizi. Alichokirekebisha lazima kiandikwe kitabuni na kitiwe sahihi na mwenye leseni, na mwenye leseni pale ni nani? Kijana akampelekea kitabu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee alikuwa amekaa, kikombe mbele yake. Akasoma mstari, akachukua kalamu, akatia sahihi. Hakuinuka. Ndege iko hatua chache nje, kava liko wazi, waya wenyewe unaonekana, hakuinuka kuutazama. Ametia sahihi juu ya kazi ambayo hakuiona, kusahihisha kazi nyengine aliyoitilia sahihi bila ya kuiona. Na hata "pole" hakunambia.

Basi imebaki moja, na hiyo ni ya kijana na dada wa mahesabu wagawane.

Anayelazimika kupeleka ndege kwao, na najua hapa visiwani hatuna machaguo mengi, asilipe kabla ya kufanya haya mbele yao: awashe mwenyewe, apime kila magneto, akiona haishuki kabisa asifurahi, ateremshe mizunguko chini na ajaribu ufunguo penye kuzima. Aombe kava lifunguliwe, atafute mstari wa rangi kwenye kila nati iliyoguswa. Aombe spea ya zamani aondoke nayo. Asome cheti cha spea kwanza, ankara baadaye.

Mie sikuiruhusu ndege iruke kwa sahihi ile. Nikamwita mhandisi mwengine mwenye leseni kutoka Dar, akavuka na boti, akapanda kwenye ngazi na tochi yake, akaukagua waya, nati, taimingi na plagi zote nane, akaandika alichokiona kwa macho yake. Nauli yake na ujira wake nimewapelekea karakana pamoja na barua. Mpaka sasa hawajanijibu.